Jiwe Moja, Waheshimiwa Wanne

Nyinyi vijana wa Kona Mbuzi mnaopita hapa kwangu mkiniita Mzee wa Mawe, leo ketini kidogo. Nataka kukiri jambo kabla mtu mwingine hajawasimulia vibaya. Ile zahanati yetu, ama dispensari kama mnavyoiita, iliwekewa jiwe la msingi mara nne, na wabunge wanne tofauti, na mara zote nne jiwe lilikuwa lile lile moja. Mimi ndiye niliyelichonga. Wabunge sikuwaambia. Mke wangu, Mama Nafula, alijua, na hakuninyamazia.

Kazi yangu ilikuwa kuchonga maandishi kwenye mawe. Nilitoka upande wa Bungoma nikiwa bado sijaota ndevu, nikaja Eldoret kutafuta kibarua, nikakipata kwa Fundi Kirwa aliyekuwa akichonga mawe ya makaburi nyuma ya soko. Kirwa alikuwa mtu wa maneno machache na jicho kali. Siku ya kwanza alinipa kipande cha jiwe lililovunjika, akaniambia nichonge herufi O mpaka atakaponizuia. Hakunizuia kwa siku tisa.

"Ukiiweza O," aliniambia, "hizo zingine ni mistari tu."

Kwake nilijifunza mambo ambayo bado nayaamini. Anza mstari katikati, kisha utoke kwenda pande zote mbili, la sivyo utafika ukingoni na herufi mbili mkononi. Ukimaliza, soma kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa sababu jicho likisoma mbele huona linachokitaka. Jina la mtu lichonge mwisho kabisa, maana ndugu wa marehemu wanaweza kukubaliana juu ya tarehe na aya ya Biblia, lakini jina huwagombanisha mpaka siku ya mazishi yenyewe. Na ukishalifunga jiwe kwa karatasi, tia alama ya penseli juu yake, upande wa mbele. Hilo la mwisho nililipuuza, na mtaona lilinifikisha wapi.

Kutoka makaburini nilihamia kwa wanasiasa, na msidhani ni kazi moja. Mteja wa kaburi ana uzuri wake, kwamba hasomi. Mbunge anasoma, msaidizi wake anasoma, na aliyeshindwa naye anasoma kuliko wote.

Sasa muelewe hali ilivyokuwa. Hapa kwetu, ukitoka Eldoret na kuipita Yamumbi, barabara ilikuwa udongo mtupu. Mwanamke akishikwa na uchungu alikuwa na mambo mawili ya kuchagua: aende mjini au aende Plateau kwa hospitali ya misheni, na kwa vyovyote vile aombe mvua isinyeshe. Mama Nafula ndiye aliyekuwa akiitwa kuwasindikiza. Hakuwa na cheti cha ukunga, alikuwa tu na mikono mitulivu na sauti ya kumkemea dereva. Amewasindikiza wake za watu mpaka viatu vyake vyote vina rangi moja, ile ya tope letu. Kwa hiyo zahanati haikuwa jambo la magazetini nyumbani kwangu. Tulikula nayo mezani kila siku.

Mbunge wa kwanza aliyetuahidi tulimwita Mzee Kofia. Hakuivua kofia yake hata wakati wa maombi. Pasta alikuwa akisimama kimya, akimtazama, mpaka mwishowe anakata tamaa na kuanza kuomba. Mzee Kofia aliagiza jiwe la heshima, na nikampatia bamba la marumaru, unene wa vidole vinne, zuri kweli. Siku ya sherehe akina mama waliimba, fahali akachinjwa, na mheshimiwa akapewa mwiko mpya na simiti kidogo kwenye karai.

Hapo niwape siri ya kazi. Mheshimiwa mpe mwiko mpya kila mara, na simiti ya kujaza kiganja tu. Ukimpa nyingi ataipaka kwa furaha, kisha wewe utashinda siku nzima ukiibandua. Mzee Kofia aliweka simiti yake, akapigwa picha, akapangusa mikono, akaondoka. Katika miaka yake yote bungeni, kitu pekee kilichojengwa kwenye ile ploti ni kiukuta changu cha kulishikilia jiwe.

Na mimi nilijua. Nisijifanye. Fundi akifika mahali huangalia ardhi kwanza, na siku ile hapakuwa na mchanga. Hapakuwa na kokoto, wala kamba iliyovutwa kwenye vigingi, wala tangi la maji, wala mtaro hata wa kumzika paka. Mkiitwa kupigia jiwe makofi, vijana, tembeeni kwanza nyuma ya hema mtafute mchanga. Kama haupo, kuleni pilau mwende nyumbani, lakini makofi mbaki nayo.

Mbunge wa pili alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu, kwa hiyo tulimwita Mwalimu. Aliposhinda, mtu wa ofisi yake alinijia akasema, "Fundi, kaondoe ile takataka, tuwekee mpya." Takataka ilikuwa marumaru nzima isiyo na ufa. Nilienda na mkokoteni, nikaing'oa, nikaileta nyumbani. Upande wa nyuma ulikuwa laini kabisa, haujaguswa. Niliutazama jioni ile, nao ukanitazama. Kufikia kesho yake nilikuwa nimeamua.

Mwalimu alitaka kuona maandishi kwenye karatasi kabla sijachonga. Nikamwandikia. Karatasi ilirudi ikiwa na kalamu nyekundu kila mahali, koma zimehamishwa, na chini ameandika saba kwa kumi, jitahidi. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto, lakini nawaambia nilijitahidi. Jiwe likawekwa, nyimbo zikaimbwa, na Mwalimu akaeleza kwamba ujenzi utaanza punde ploti itakapopimwa. Kila baraza alikuja na ramani, akaikunjua juu ya boneti ya gari, akatuonyesha mahali tulipokuwa tumesimama. Tulikuwa tunapajua.

Uchaguzi uliofuata Mwalimu akashindwa. Jiwe likarudi kwangu na mkokoteni ule ule. Likakaa jikoni miezi kadhaa, na Mama Nafula, ambaye hapendi kitu kikae bure, akaanza kulitumia kusukumia chapati. Pande zote mbili zilikuwa zimechongwa sasa, kwa hiyo chapati zetu zilitoka na herufi. Msichana wetu Nafula, akiwa darasa la nne, alipenda kutafuta kipande chenye MHE. kwa maharagwe.

"Angalau sasa wabunge wametulisha," Mama Nafula alisema. Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Wa tatu tulimwita Wakili, maana ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alimshinda Mwalimu kwa kura chache mno, na kampeni ilikuwa imewaacha wawili hao hawasalimiani hata kanisani. Wakili alitaka jiwe kubwa na haraka. Nikaazima mashine ya kusagia, nikaanza kumfuta Mzee Kofia. Vumbi lake lilinikaa kwenye nyusi siku mbili. Jiwe likapungua unene, nikachonga upande huo jina la Wakili, jina refu lenye vyeo nyuma yake kama mkia wa kishada. Nikapaka rangi ya dhahabu mara mbili, nikalifunga jiwe lote kwa magazeti niliyoyagandisha kwa uji wa unga wa ngano, ili rangi isikwaruzwe njiani. Alama sikutia. Nilijiambia nitakumbuka.

Asubuhi ya sherehe mvua ilinichelewesha. Nilipofika, watu wa ofisi walikuwa wameshatundika pazia jekundu mbele ya kiukuta, viti vimejaa, na kwaya inakohoa kusafisha koo. Nikaingia nyuma ya pazia kama mwizi. Nikapachika jiwe, nikalisawazisha kwa pima maji, nikaanza kubandua gazeti la mbele kwa kucha, pua yangu karibu iguse maandishi. Mtu akibanwa hivyo hasomi. Anaomba Mungu simiti ishike.

Wakili alivuta kamba. Pazia likafunguka vizuri sana, na pale mbele ya mahema yote, kwa rangi ya dhahabu iliyofifia kidogo, likatokea jina la Mwalimu.

Kwaya ilikuwa imeambiwa ipige vigelegele pazia likifunguka, ikapiga. Vigelegele vilipokwisha nikasikia mtu mmoja anapiga makofi kutoka viti vya nyuma, polepole, kwa adabu kubwa. Alikuwa Mwalimu mwenyewe. Alikuwa amekuja kama raia yeyote kula pilau ya adui yake. Akasimama, akapunga mkono kwa wananchi, akaketi.

Mimi nilikuwa natafuta hema la kujificha nyuma yake. Lakini wakili ni wakili. Alichukua mikrofoni bila kutetemeka. "Ndugu zangu," akasema, "huyu mzee alinifunza kusoma. Sikuona vizuri kuanza kazi bila kumtambua. Nimeagiza jina lake litangulie." Watu walimshangilia mpaka vikombe vikalia mezani. Akainama kama anayelichunguza jiwe, akaninong'oneza, "Fundi, geuza hilo jiwe kabla sijakugeuza wewe."

Bahati yangu simiti ilikuwa haijashika. Watu walipokuwa wakila niling'oa jiwe, nikaligeuza, na upande wa Wakili ukatoka ukiwa bado umevikwa gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa limegandana na uji wangu kwelikweli. Lilikuwa tangazo la dawa ya kupe, lenye picha ya ng'ombe anayetabasamu. Kwa robo saa nzima, nikikwangua kwa kucha huku watu wakitafuna, zahanati ya Kona Mbuzi ilikuwa imewekewa msingi na dawa ya kupe. Fundi Kirwa alizisikia habari hizo mjini. Alinitumia penseli moja, imefungwa kwenye karatasi, bila barua.

Hicho ndicho kisa ambacho watu hunitaka nikirudie kwenye harusi. Kinachofuata hawaniombi.

Wakili alikaa vipindi viwili. Karibu na mwisho wa kipindi cha pili, Nafula wetu alikuwa ameshaolewa na kijana wa Kiplombe. Mume wake alikuwa kazini mbali, kwa hiyo akaja kwetu asubiri mtoto wake wa kwanza akiwa karibu na mama yake. Uchungu ulimshika asubuhi ya mvua. Jirani alikuwa na pikapu imejaa kabichi za kupeleka sokoni. Tukampandisha Nafula juu ya magunia, mama yake akampakata, nami nikasimama nyuma nikishikilia turubai lisipeperuke. Kwenye mteremko wa kijito, tukielekea Plateau, gurudumu likazama. Tulisukuma, tukakata matawi, tukasukuma tena. Mtoto alizaliwa pale pale kati ya kabichi. Alikuwa mvulana. Alipumua kwa muda, mama yake akiwa anamwangalia, kisha akaacha.

Nilimchongea jiwe dogo. Nilishindwa kuanza mstari katikati. Mkono wangu haukukubali, nikaanza tu pembeni, na maandishi yakaenda upande, na nimeyaacha hivyo.

Tulipotoka kaburini Mama Nafula aliniuliza jambo moja tu. "Baba Nafula, umeweka msingi wa dispensari mara ngapi?"

Niliona aibu, na aibu hiyo ingali ndani yangu mpaka leo ninapoongea nanyi. Nilikuwa nimefanya utani na jiwe lile miaka yote, nikijiona mjanja kuliko wabunge, kumbe mjanja gani ambaye mjukuu wake anafia barabarani. Wao walidanganya kwa mdomo, mimi niliwachongea uongo wao vizuri na kuupaka dhahabu.

Uchaguzi ukafika, Wakili akaenda, akaja wa nne. Huyu alikuwa na umri wa msichana wangu, au amemzidi kidogo, na tulimwita Mheshimiwa Kijana. Alikuwa na viatu vyeupe hata msimu wa mvua. Kwenye mikutano yake kulikuwa na kidude kinachoruka juu kikipiga picha na kuwatia wazee kizunguzungu. Msaidizi wake alinitumia ujumbe kwa simu: maneno ya kuchonga, mtindo wa herufi, na mahali: zahanati, Kona Mbuzi, jiwe la msingi.

Nilimwonyesha Mama Nafula simu. Aliisoma, akanirudishia, akaendelea kuchambua mboga.

Nikaling'oa jiwe kwenye kiukuta nikalileta nyumbani, nalo sasa lilikuwa limekonda. Nikasaga upande wa Mwalimu, kwa mara ya mwisho, nikimwomba radhi kimoyomoyo. Kisha sikuchonga maneno niliyotumiwa. Nilichonga yangu. Juu kabisa, Zahanati ya Kona Mbuzi. Chini yake, jiwe la msingi liliwekwa na, kisha jina la Mzee Kofia kamili. Mstari wa pili: likawekwa tena na, jina la Mwalimu. Mstari wa tatu: likawekwa tena na, jina la Wakili, na mkia wake wote. Mstari wa nne: likawekwa tena na, jina la Mheshimiwa Kijana. Na wa mwisho: zahanati ilifunguliwa na. Baada ya hapo nikaacha nafasi tupu, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa.

Mama Nafula ndiye aliyelisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, neno kwa neno, kidole juu ya jiwe. Hakupata kosa.

"Watakushika," akasema.

"Wanishike."

"Basi lete hilo koti nilifue. Huwezi kwenda seli na koti chafu."

Huyo ndiye mke wangu. Alilifua, akalianika, akanipigia pasi.

Safari hii nilitia alama mbele, tena kubwa. Siku ya sherehe watu walifurika, kidude kikinguruma juu. Mheshimiwa Kijana akavuta kamba kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na simu. Mnajua watu wa hapa hawasomi kimya. Walianza kusoma pamoja, kwa sauti, kama wanaokariri darasani, na kila walipofika kwenye likawekwa tena, sauti ikapanda. Mama mmoja mzee asiyejua kusoma akamuuliza jirani yake, "Ati inasema nini?" Jirani akamsomea upya, polepole, na watu waliokuwa wameanza kunyamaza wakacheka upya. Mwalimu alikuwepo, sasa ana mkongojo na miwani minene. Alisogea mpaka karibu na jiwe, akalikagua koma kwa koma, akanigeukia.

"Kumi kwa kumi," akasema.

Mheshimiwa Kijana hakucheka. Aliishusha simu. "Fundi ni nani hapa?"

Nikasimama na koti langu safi. "Ni mimi."

"Mzee, ni nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu. Nimechoka kusaga jiwe."

"Hii ni siasa, mzee. Umeniweka pabaya mbele ya watu wangu."

"Jina lako nimeliandika bila kosa, mheshimiwa. Angalia mwenyewe."

Akaangalia. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na wabunge miaka mingi, na kama kuna kitu ninachokijua kuliko tindo na nyundo, ni namna mwanasiasa anavyotazama mahali palipoachwa kwa ajili ya jina. Macho yake yalishuka mstari kwa mstari mpaka kwenye ile nafasi iliyong'aa, yakakaa pale.

"Na huu wa chini?"

"Huo ni wa atakayefungua. Unaweza kuwa wewe, au atakayekuja baada yako. Mimi ninangoja kuambiwa tu."

Polisi wawili walikuwa wamesogea karibu nami. Aliwaonyesha kwa kidevu warudi nyuma. Kisha akanikaribia, akauliza kwa sauti ya chini asisikike na mikrofoni, "Nafasi hiyo inatosha herufi ngapi?"

"Ishirini na mbili."

Nikaona midomo yake inahesabu.

Mchanga ulifika kabla mwezi haujaisha. Lori liliumwaga asubuhi, nami nilienda nikachota konzi nzima nikainusa, kwa sababu sikuamini. Baada ya mchanga zikaja kokoto, kisha kamba na vigingi, kisha mtaro. Msifikiri mambo yalikwenda moja kwa moja. Yalisimama mara tatu. Kila yaliposimama nilichukua kitambaa na mafuta kidogo, nikaenda kuing'arisha ile nafasi tupu, nikaipiga picha na kumtumia msaidizi wake, bila maneno. Kwa kawaida baada ya wiki mafundi walirudi. Kuta zikafika linta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, linta ikabeba paa, na kipindi cha mheshimiwa kikawa kinaelekea ukingoni.

Mwishowe serikali ikatuletea muuguzi, Sista Jerono, mwanamke mfupi anayetembea haraka. Ufunguzi rasmi ulipangiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Sista alifika Jumatatu, akakuta wanawake kumi na mmoja mlangoni na watoto wao. Akafungua. Alipoambiwa kuna sherehe inakuja, alijibu kwamba yeye ameletwa kutibu watu, hakuambiwa asubiri nyimbo.

Ijumaa hiyo mahema yalikuwa yamesimikwa tangu asubuhi. Mimi sikuwa kwenye mahema. Nilikuwa ndani, kwenye benchi la kungojea, kwa sababu Nafula alikuwa chumba cha nyuma na mama yake na Sista. Uchungu ulikuwa umemshika alfajiri, na tulikuwa tumemleta kwa miguu, taratibu, hatua kama mia nne tu kutoka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimezihesabu njiani ili nisifikirie kitu kingine. Bado nilifikiria. Nilikuwa naisikia pikapu ile ikinguruma kichwani.

Nje spika zikaanza, haloo, haloo, moja mbili. Kwaya ikaingia. Sista Jerono akatoka na glavu mikononi, akasimama mlangoni.

"Nani anapiga hiyo kelele?"

"Ni mheshimiwa amefika, Sista. Amekuja kufungua."

"Tumefungua tangu wiki iliyopita. Zimeni hiyo kitu. Kuna mama ndani."

Akarudi zake. Spika zikazimwa. Mheshimiwa Kijana alibaki nje na viatu vyake vyeupe, mvua ikaanza, na baada ya muda akaingia, akajipangusa, akaketi kando yangu. Msaidizi wake alitaka kumfuata, akamwambia aende akawaambie watu wale chakula.

"Mzee," akaniuliza, "ni nani yuko ndani?"

"Ni Nafula, msichana wangu."

"Mtoto wa kwanza?"

"Wa pili. Wa kwanza alifia kwenye matope, tukienda Plateau."

Nilingoja aseme serikali inafanya nini kuhusu barabara. Alitazama sakafu. Mama mmoja mzee mwenye kikohozi akaja na leso yake kichwani, akamwangalia.

"Wewe kijana, unaugua nini?"

"Siugui, mama. Nimekuja tu."

"Basi sogea, anayeugua akae."

Akasogea mpaka pembeni, nusu ya makalio nje ya benchi. Hivyo ndivyo tulivyokaa, sijui kwa muda gani. Kutoka chumba cha nyuma nilisikia sauti ya Mama Nafula, ile ya kukemea madereva, kisha sikusikia chochote, na hicho kimya ndicho kirefu zaidi nilichowahi kukaa ndani yake.

Mlango ukafunguliwa. "Wa Nafula?" Sista akaita.

Nikasimama. Mheshimiwa naye akasimama, kwa mazoea.

"Nimeuliza wa Nafula."

Akaketi.

"Msichana," Sista akaniambia. "Mama ni mzima, mtoto ni mzima. Ngoja kidogo uingie."

Nikasimama tu pale, mzee mzima, machozi yananitiririka mbele ya watu wenye vikohozi. Nyuma yangu mheshimiwa akaanza kupiga makofi, yeye peke yake, kwa nguvu, na Sista akamwambia anyamaze, mtoto amelala.